Tunaolala Mbali na Kazi Tunataka Soketi

Sisi tunaolala Thika, Juja, Kitengela, Joska, Machakos na Kiserian tuna neno la kusema kuhusu haya magari ya umeme, na tunaomba lisikilizwe hadi mwisho.

Umbali tulio nao hatukuuchagua. Kodi za nyumba za Nairobi zilitusukuma nje mtaa kwa mtaa mpaka tukaangukia vipande vya ardhi vya futi 50 kwa 100, tulivyovilipia kidogo kidogo kwa mikopo ya SACCO. Kazi zetu zikabaki palepale zilipokuwa. Kutoka Thika hadi katikati ya jiji ni kilomita 45 hivi, na Machakos ni zaidi ya 60. Kwenda na kurudi, mtu wa Thika anakula kilomita 90 kila siku ya kazi, na wa Machakos anapita 120, kabla hajampitisha mtoto shuleni wala kusimama sokoni. Saa kumi na moja alfajiri taa za magari yetu tayari zimejipanga Juja na Mlolongo. Humo mna walimu, wauguzi, makarani wa benki, mafundi wa viwandani na wafanyakazi wa kaunti. Matajiri wa kununua gari kwa kujionyesha ni wachache mno kwenye foleni hiyo.

Kila tarehe 14 ya mwezi tunakaa tukingoja EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, itangaze bei ya mafuta. Oktoba 2023 lita moja ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36, na hatujausahau mwezi ule. Bei ikashuka baadaye. Agosti 2025 ilikuwa shilingi 185.31. Katika kila lita, tozo ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mnamo Julai 2024. Anayeshindwa kuvumilia msongamano wa Mombasa Road apande ile barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, alipe ada yake kwenda na kurudi. Mtu anayeishi Kilimani na kufanya kazi Upper Hill akisoma habari hizi anaguna na kugeuza ukurasa. Sisi tunatoa kalamu na kuanza kupunguza vitu vya nyumbani.

Kwa hiyo serikali ilipoanza kuhubiri usafiri wa umeme, hakuna waliosikiliza kwa makini kuliko sisi. Na tulipofanya hesabu tuliona wazi kwamba gari la umeme linamfaa zaidi mtu wa safari ndefu ya kila siku kuliko mtu yeyote mwingine. Nissan Leaf, ambalo ndilo gari la umeme linalopatikana kwa urahisi zaidi kwenye mitumba ya Japani, hutumia yuniti 16 hivi (kilowati-saa) kwa kilomita 100. Ongeza kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, sema 18. Kwa bei ya stima ya nyumbani, inayokaribia shilingi 30 kwa yuniti ukishaweka tozo zote, hiyo ni shilingi 540. Gari dogo la petroli linaloenda kilomita 14 kwa lita litakula shilingi 1,320 kwa mwendo uleule, petroli ikiwa 185. Tofauti ni shilingi 780 kwa siku ya kilomita 100. Kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya shilingi 17,000 kwa mwezi, na katika nyumba nyingi za kwetu hizo ni karo.

Zaidi ya hayo, barabara zetu zinalipenda gari la namna hii. Kwenye msongamano wa Pangani au Bellevue injini ya petroli inaendelea kunywa gari likiwa limesimama, wakati mota ya umeme karibu haili kitu. Kila unapoachia pedali au kushuka mteremko, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku juu huipunguzia nguvu injini ya kawaida isiyo na turbo, ilhali mota ya umeme haijui mwinuko. Na safari zetu hazibadiliki: njia ni ileile na kilomita ni zilezile, kwa hiyo tunajua jioni tutarudi na nini. Hofu ya kuishiwa njiani, ambayo watu huitaja kila mara, kwetu ni ndogo kuliko wanavyodhani.

Kinachotushinda ni pa kuchomeka.

Wengi wetu tumepanga. Hata huko Ruiru na Kitengela, kwa kila aliyejenga wapo kadhaa wanaoishi kwenye nyumba za kupanga, ghorofa ya tatu au ya nne juu, gari liko chini uani pamoja na mengine. Mita ya tokeni iko nyumbani kwako, na taa ya uani iko kwenye mita ya mwenye nyumba. Mmoja wetu alikwenda kuomba aruhusiwe kuvuta waya wake mwenyewe, kwa gharama yake, kutoka mita yake hadi anapoegesha. Akaambiwa wapangaji wengine watalalamika. Mwingine aliambiwa gari litaunguza ploti nzima. Wa tatu alikubaliwa kwa mdomo, akanunua gari, kisha msimamizi wa ploti akabadilishwa na huyo mpya akachomoa waya. Hakuna sheria wanayoijua wapangaji ya kumwonyesha mwenye nyumba wakasema, haki yetu ni hii.

Na kinachohitajika si kikubwa! Hatuombi mtambo wa kuchaji kwa nusu saa. Soketi ya kawaida ya pini tatu, ikitoa ampea 10, inaingiza zaidi ya kilowati mbili. Ukichomeka saa mbili usiku, saa kumi alfajiri umerudisha zile yuniti 18 za siku nzima. Inatakiwa soketi moja nzuri isiyo ya bei ya kutupa, waya mnene wa kutosha, swichi ya kukata umeme kukiwa na hitilafu, na mita ndogo ya kuhesabu ili kila mtu alipe chake. Fundi stima mwenye leseni anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Lakini kwa kuwa hakuna anayewajibika, watu wetu wanashusha nyaya za kuongezea kutoka madirishani, nyaya nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya redio, na soketi zinayeyuka. Halafu moshi wa soketi hizo unatumiwa kama ushahidi dhidi yetu.

Kuna jambo linalotuuma hapa kuliko mengine. Umeme mwingi wa nchi hii unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito, na upepo wa Turkana. Usiku wa manane matumizi hushuka, na mvuke wa ardhini, ambao hauzimwi kama jiko, huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Saa hizo hizo magari yetu yamelala uani kwa saa nane. Kama kuna mahali ambapo haja ya nchi na haja ya mwananchi zimekutana, ni hapo, na kinachozitenganisha ni waya wa mita 20.

Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi yamepungua, kabla ya tozo na kodi. Tulishangilia. Kisha tukaanza kuuliza tunaipataje. Jibu ni kwamba inataka mita yake ya pekee. Mwenye kampuni ya mabasi au mwenye kituo cha kuchaji ataipata, maana ana uwanja na mhandisi na mtu wa kufuatilia makaratasi. Wenzetu waliokwenda kuulizia kwa ajili ya gari moja la nyumbani walizungushwa kaunta hadi kaunta mpaka wakachoka. Kwa hiyo tunachaji kwa bei ya nyumbani. Nayo bei ya nyumbani imepangwa kwa madaraja: anayetumia kidogo analipa kidogo, na anayepita yuniti 100 kwa wastani wa miezi mitatu anahamishwa daraja la juu. Gari la safari ndefu linakula karibu yuniti 400 kwa mwezi. Mama aliyekuwa akipika na kupiga pasi kwa bei ya daraja la kati anajikuta analipia hata taa ya jikoni kwa bei ya juu, kwa sababu ya gari ambalo sera inasema linastahili bei ya chini. Hili halihitaji kamati kulirekebisha. Mita za kisasa zinaweza kusoma saa ya matumizi.

Tunakuja kwenye haibridi za kuchomeka, kwa sababu huko ndiko tunakoelekezwa tukisema hatuna soketi. Wauzaji wa yadi wana wimbo mmoja: chukua hili, lina betri na lina petroli, hutakwama popote. Ni kweli hutakwama. Lakini hebu tuseme gari lenyewe linavyofanya kazi, maana yadi haikwambii.

Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, ile ya miaka ya mwanzo, ina betri ya kilowati-saa 12. Karatasi ya Japani inasema itakwenda kilomita 60 kwa umeme peke yake. Gari hilo hilo lilipopimwa kwa utaratibu wa Marekani lilipewa kilomita 35. Toyota Prius ya kuchomeka ya kizazi cha pili ina betri ya 8.8, Japani wanasema kilomita 68, Wamarekani wanasema 40. Barabara zetu ziko karibu zaidi na kipimo cha Marekani, na betri yenyewe imeshatumika miaka kadhaa. Basi mtu wa Thika akitoka nyumbani na Outlander iliyojaa, betri inaisha karibu na Roysambu. Yaani umeme umemalizwa kwenye barabara iliyo wazi, ambako injini ya petroli ingefanya vizuri tu, halafu petroli inaanza kazi pale pale msongamano unapoanzia. Kuna kitufe cha kuhifadhi betri, ambacho ukikibonyeza mapema gari litatumia petroli kwanza na kukuwekea umeme wa kutumia jijini. Wangapi waliambiwa? Maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani.

Na jioni, kama hukuchaji kazini, unarudi kilomita 45 ukiburuta betri tupu na mota mbili kwa petroli, kwenye gari linalokaribia tani mbili. Hapo wenzetu wengi wameanza kujuta. Si sisi peke yetu. Tume ya Ulaya ilitoa mwaka 2024 takwimu zilizokusanywa na magari yenyewe barabarani, ikaonekana kwamba haibridi za kuchomeka zinatoa moshi wa kaboni kwa wastani mara tatu na nusu ya kile kilichoandikwa kwenye vyeti vyao. Sababu kubwa ni kwamba hazichajiwi wala kuendeshwa kwa umeme kadiri ilivyotarajiwa. Kama Mzungu mwenye soketi kila kona anasahau kuchomeka, mpangaji wa Githurai asiye na soketi atafanyaje? Asiye na soketi akinunua haibridi ya kuchomeka amenunua gari zito la petroli kwa bei ya gari la umeme.

Halafu kuna kodi. Gari linalotumia umeme peke yake lilipunguziwa ushuru wa bidhaa hadi asilimia 10. Haibridi ya kuchomeka haimo. Inahesabiwa kwa ukubwa wa injini yake kama gari lolote la petroli. Sisi hatuna ugomvi mkubwa na hilo, tungependa hata lisemwe wazi zaidi ili watu wasidanganywe. Ugomvi wetu uko kwenye hesabu yenyewe. Ushuru wa forodha unawekwa, ushuru wa bidhaa unawekwa juu yake, VAT ya asilimia 16 inawekwa juu ya vyote viwili, na bado kuna ada ya uingizaji na ya reli. Na kinachotozwa si bei uliyolipa mnadani Japani. Ni thamani iliyo kwenye orodha ya KRA, mamlaka ya mapato, ambayo mpya yake ilianza kutumika Julai 2025. Mtu ameweka akiba miaka minne akilenga gari fulani, orodha ikabadilika, na akiba yake haitoshi tena. Aliyepanga matumizi yake kwa uangalifu ndiye aliyeumia.

Jihadharini pia na haya magari yanayouzwa kwa jina la umeme ilhali hayana hata tundu la kuchomekea. Nissan Note e-Power ni gari zuri kwa kazi yake: magurudumu yanasukumwa na mota, lakini umeme wote unatengenezwa na injini ya petroli iliyo mbele. Ni la petroli. Baadhi yetu walilipa ziada wakidhani wamenunua kitu kingine.

Turudi kwenye betri, kwa sababu nyuma ya hasira zetu nyingi kuna betri. Betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari la umeme, na ndiyo sehemu ambayo mnunuzi wa Kenya anauziwa akiwa amefumbwa macho. Chukua Leaf ya kilowati-saa 40 iliyotoka mwishoni mwa 2017. Kwa kipimo cha Japani cha wakati ule ilisemwa itakwenda kilomita 400. Ulaya walisema 270. Marekani 243. Yadi zetu zinabandika 400 kwenye kioo. Nasi tunanunua ikiwa na miaka saba, kwani sheria inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, na kwa umri huo betri imeshapoteza sehemu ya uwezo wake. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Inapozwa na hewa tu, hivyo iliyokaa sehemu za joto au iliyochajiwa kwa haraka mara nyingi huchoka mapema. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwezi mmoja zinaweza kuwa tofauti kabisa leo.

Kwenye dashibodi kuna vistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kinapotoweka, tayari asilimia 15 hivi imekwenda. Na kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu ili vistari vyote 12 viwake tena kwa muda, mpaka gari liendeshwe vya kutosha ukweli ujirudie, na wakati huo mwuzaji ameshakula pesa. Kuna njia ya kujua: kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu inayosoma betri moja kwa moja, hadi kila seli. Bei yake ni ndogo mbele ya bei ya gari. Tulipoomba kupima kwenye yadi kadhaa tulikataliwa, na kwenye moja tuliambiwa kifaa hicho kitaharibu gari. Vyeti vya ukaguzi tulivyokabidhiwa pamoja na magari yetu vilisema breki ni nzima na taa zinawaka. Havikuwa na mstari hata mmoja wa betri. Gari linalotembea kwa betri linakaguliwa kila kitu isipokuwa betri!

Ndiyo maana zile Leaf za mwanzo za kilowati-saa 24, ambazo zikiwa mpya kabisa Wamarekani walizipa kilomita 117 tu, bado zinazunguka hapa kutoka mkono hadi mkono. Mtu wa South B atazitumia miaka mingi kwa raha. Anayetoka Machakos akiuziwa moja, ataishia Mlolongo.

Vituo vya kuchaji vya umma tutavitaja kwa ufupi, maana havitusaidii sana. Vingi viko kwenye maduka makubwa ya jiji, yaani mahali ambapo sisi hatulali na mchana hatuna muda wa kukaa. Na matundu ya kuchaji kwa haraka yamegawanyika kimakabila: gari la Japani lina tundu la CHAdeMO, la Uchina lina lake la GB/T, la Ulaya lina CCS. Unafika, mtambo upo, umeme upo, mdomo hauingii. Kampuni inayoleta magari ya aina moja inaweka mitambo ya aina hiyo. Huko kwetu Tala na Kajiado hata ubishi huo haujafika.

Mafundi vilevile. Kwenye magereji ya Grogan, jijini, utapata mtu wa kukufungulia gia boksi ya gari lolote chini ya jua, kwa bei ya kupatana. Lakini nyaya za rangi ya chungwa kwenye magari haya zinabeba volti zaidi ya 300 za kuua, na waliofunzwa kuzigusa ni wachache, nao wanatoza wanavyotaka. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wako tayari kujifunza. Wapewe magari ya kujifunzia, si picha za ubaoni.

Mtu atauliza, na stima ikipotea? Inapotea, tunajua sana. Agosti 25, 2023 nchi nzima ilikaa gizani, na sehemu nyingine zilingoja hadi siku ya pili. Lakini hata pampu ya petroli inahitaji umeme, na gari lenye betri ya 40 linaweza kukosa usiku mmoja wa kuchaji na bado likakufikisha kazini. Tunachokihofia ni zile katikakatika ndogo za vijijini ambazo hazitangazwi, pamoja na volti inayopanda na kushuka ikachoma chaja. Huko Joska transfoma ikiharibika mnaweza kuchangisha pesa za mafuta ya gari la mafundi.

Majirani wamefanya mambo. Rwanda ilifuta mwaka 2021 ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT kwa magari ya umeme, na vituo vya kuchaji vikapewa bei ya umeme ya viwanda. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwanzoni mwa 2024, ikazuia kuingiza magari yasiyo ya umeme. Hatusemi Kenya iige ya Ethiopia. Sisi wenyewe tungeumia kwanza. Tunasema nchi yenye mvuke wa Olkaria haina sababu ya kuwa nyuma katika jambo hili.

Tunajua pia wapo watakaosema kwamba mwenye gari hana haki ya kunung'unika mbele ya anayepanda matatu. Tumepanda matatu, na wengi wetu bado tunapanda siku tatu kwa juma gari likiwa halina mafuta. Kama treni ingetoka Thika na Kitengela kila nusu saa, tukapata pa kukaa, au basi la umeme lingeondoka Machakos kwa nauli isiyobadilika mvua ikinyesha, wengi tungeliacha gari nyumbani bila kulazimishwa. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, na walio karibu nayo wanajua ilivyowafaa. Ila mpaka huduma kama hiyo itakapofika kwetu, kesho alfajiri tutatoka na magari tuliyo nayo.

Basi kwa mwenzetu anayeingia sokoni sasa, ushauri wetu ni huu, na tumeulipia. Kabla hujaangalia gari, angalia unapolala. Kama una uwanja wako na soketi yako, chukua la umeme tupu lenye betri ya 40 au zaidi, na usitoe hata shilingi ya rubuni kabla betri haijapimwa kwa kifaa mbele ya macho yako. Akikataa kupimiwa, ondoka. Kama unaweza kuchaji nyumbani na kazini, na njia yako haizidi kilomita 30 kwenda, haibridi ya kuchomeka itakufaa sana, na petroli utaihitaji ukienda ushago Krismasi. Kama huna soketi popote, nunua haibridi ya kawaida kama Toyota Aqua. Kwa kilomita 20 kwa lita itakula karibu shilingi 925 pale ambapo gari la petroli linakula 1,320. Si ndoto tuliyoahidiwa, ila haikudanganyi.

Na kwa walio na kalamu ya kutunga sheria: kila nyumba mpya ya kupanga iwe na soketi zenye mita penye maegesho, na mpangaji wa nyumba ya zamani aruhusiwe kujiwekea kwa gharama yake bila kufukuzwa. Bei ya shilingi 8 ya usiku imfikie mwenye gari moja. Kila gari la umeme linaloingia bandarini Mombasa lije na kipimo cha betri kilichoandikwa kwenye cheti, na yadi ilazimishwe kukionyesha. Mengine tutajitafutia wenyewe, kama tulivyojitafutia viwanja.